Alama inahesabu damu, mtoto anaogopa uso

Filamu za katuni Coraline ya mwaka 2009 na Frozen ya mwaka 2013 zina alama moja ya umri nchini Marekani: PG, yaani mzazi aongoze. Uingereza nako zote mbili ni PG. Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano akiyatazama mabango ya filamu hizo mbili, herufi hizo zinamwambia kwamba ni filamu za rika moja, achague tu.

Sasa asome mstari mdogo ulioandikwa chini ya alama. Marekani, Frozen iliipata PG kwa heka heka kiasi na utani mwepesi usio na adabu. Coraline iliipata kwa mambo kadhaa, na miongoni mwake zimetajwa picha za kutisha. Ndani ya Coraline kuna mwanamke aliyefanana na mama wa msichana kwa sura na sauti, ila mahali pa macho pana vifungo vyeusi vya nguo. Anapika vizuri kuliko mama halisi, anabembeleza, ana muda wa kucheza. Kisha anaanza kurefuka, anakonda, uso unapata nyufa, na mwishowe ni kiumbe mwenye miguu ya buibui na vidole vya sindano. Anachotaka ni kimoja: msichana akubali kushonewa vifungo machoni, abaki naye. Damu haitiririki popote.

Mabishano kuhusu alama za katuni za kutisha kwa kawaida huwa juu ya namba. Upande mmoja unasema bodi zimelegea, filamu kama hii ilipaswa kupanda daraja. Upande wa pili unasema watoto wanalelewa kama mayai, na hadithi bila hofu ni uji bila chumvi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja nzito, lakini zinavutana mahali pasipo na kasoro. Kasoro haiko kwenye namba, iko kwenye kile kinachopimwa kabla namba haijaandikwa.

Nani anapima, na kwa rula gani

Mfumo wa Marekani ulianza tarehe 1 Novemba 1968. Ni wa hiari, hausimamiwi na serikali, na wanaoamua ni kamati ya wazazi wanaoajiriwa kwa kazi hiyo. Wanaitazama filamu nzima, wanajadiliana, wanapiga kura. Swali wanalojiuliza ni mzazi wa kawaida wa nchi yao angeiwekea alama gani. Sharti la kujiunga ni kuwa na mtoto wa kati ya miaka 5 na 15. Angalia mwanzo wa masafa hayo. Mzazi ambaye mtoto wake pekee ana miaka mitatu hana kiti pale, ilhali mtoto wa miaka mitatu ndiye anayepelekwa kutazama filamu za alama ya chini kabisa, G.

Uingereza kuna bodi ya BBFC, iliyoundwa mwaka 1912, yenye wakaguzi wa kazi na mwongozo ulioandikwa. Mwongozo huo uko wazi kuliko mingi. U ni kwa watoto wa miaka minne na kuendelea, na bodi yenyewe inakiri kwamba haiwezekani kutabiri nini kitamsumbua mtoto fulani. PG isimtikise mtoto wa miaka minane hivi. Kuhusu hofu, kwenye U matukio ya kutisha yawe mepesi, mafupi, na mwisho wake utulize. Kwenye PG yasiwe marefu wala makali mno, na hapo mwongozo unaongeza kwamba mazingira ya kubuni na vichekesho vinaweza kupunguza uzito. Shika maneno hayo, tutayarudia.

Ujerumani alama ni sheria. Madaraja ni 0, 6, 12, 16 na 18. Mtoto wa miaka mitano haruhusiwi kuingia ukumbini kwenye filamu ya 6 hata akiwa amebebwa na mama yake. Kwenye filamu ya 12, tangu mwaka 2003, mtoto wa miaka sita na kuendelea anaweza kuingia akiwa na mzazi. Uholanzi wana Kijkwijzer, iliyoanza mwaka 2001: msambazaji wa filamu anajaza dodoso refu, majibu yanatoa umri, na pembeni ya umri zinawekwa picha ndogo za kueleza sababu. Ngumi ni ukatili. Hofu ina picha yake peke yake: buibui.

Tofauti hizi zina matokeo. Spirited Away, katuni ya Kijapani ya mwaka 2001, ilipewa PG Marekani kwa sababu ya matukio ya kutisha kidogo. Ujerumani ilipewa 0, yaani haina kizuizi chochote cha umri. Dakika chache tu baada ya kuanza, wazazi wa msichana wanakula chakula wasichokaribishwa, anarudi kwao, na nyuso zao ni za nguruwe. Giza linaingia, amebaki peke yake.

Hofu ya miaka minne si hofu ndogo ya miaka kumi

Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza watoto wanaogopa nini kwenye skrini, na kazi yake pamoja na wenzake ndiyo inayoonyesha ufa ulipo. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1985, watoto walionyeshwa video ya bibi kizee yuleyule katika sura nne: mwenye uso wa kupendeza na mwema, wa kupendeza na mkatili, mwenye uso mbaya na mwema, mbaya na mkatili. Watoto wadogo, wa umri wa kabla ya shule, walimhukumu zaidi kwa sura. Wakubwa walimhukumu zaidi kwa matendo. Bibi mwema mwenye uso wa kutisha kwa mdogo bado alikuwa mtu wa kuogopwa.

Jaribio jingine, la mwaka 1986, lilitumia kipindi cha televisheni cha mtu anayegeuka kuwa jitu la kijani. Jitu lile lilikuwa upande wa wema, lilikuja kuokoa. Watoto wakubwa walishtuka zaidi wakati mhusika yuko hatarini. Wadogo walishtuka zaidi pale mtu alipokuwa anageuka. Mtoto mdogo hajakamilisha wazo kwamba kitu kikibadilika sura kinaweza kubaki kilekile, kwa hiyo akiona uso anaoufahamu ukawa mwingine, kwake yule wa kwanza ameondoka.

Rudi sasa kwenye mama wa vifungo na wazazi waliogeuka nguruwe. Filamu hizo mbili zimebonyeza vitufe viwili kwa pamoja: uso unaobadilika, na mzazi asiyekuwepo. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna jeraha la kuhesabu. Mkaguzi mwenye umri wa miaka arobaini anaona ndoto nzuri ya kisanii. Anaandika kwamba ni mazingira ya kubuni, na kwamba mwisho unatuliza.

Hapo ndipo rula inapopinda. Ubunifu unapunguza hofu kwa anayejua kutenganisha cha kubuni na cha kweli. Uwezo huo unakomaa polepole, na hadi miaka saba hivi bado unayumba. Utafiti wa Cantor uligundua pia kwamba kumwambia mtoto „si kweli hiyo, ni filamu” kunasaidia wakubwa, wala hakusaidii sana wa chini ya umri wa kwenda shule. Hao wanatulizwa na mwili: kupakatwa, blanketi, maji ya kunywa, kuondoka mbele ya skrini. Vivyo hivyo mwisho mwema. Mtu mzima anaibeba hadithi yote kichwani, dakika ya 95 inafuta ya 70. Mtoto wa miaka minne anabeba picha. Usiku haikumbuki harusi ya mwisho, anakumbuka ule uso.

Waliopanga miongozo si wajinga, na si kwamba hawajui haya. U ya Uingereza inaizungumzia hofu kwa uangalifu wa kutosha. Ila orodha nyingi za ukaguzi zilizaliwa kutokana na mabishano kuhusu ukatili, lugha na ngono, mambo yanayohesabika. Ngumi ngapi, matusi mangapi, sekunde ngapi za damu. Uso hauhesabiki.

Wanaosema alama zimelegea

Wana takwimu. Mwaka 2000 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchunguzi wa katuni 74 zenye alama ya G, za kuanzia mwaka 1937 hadi 1999. Kila moja, bila kubakiza, ilikuwa na angalau tendo moja la ukatili, na wastani wa muda wake ulikuwa dakika 9.5 kwa filamu. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ likalinganisha katuni 45 za watoto zilizovuma na filamu 90 za watu wazima: wahusika wakuu wa katuni walikuwa na hatari ya kufa takriban mara mbili na nusu zaidi. Ilitoka kwenye toleo la Krismasi, ambalo lina desturi ya mzaha, lakini hesabu yenyewe si mzaha. Waandishi walitaja dakika kamili: kwenye Finding Nemo mama analiwa na samaki mkali baada ya dakika 4 na sekunde 3. Filamu ile ina alama ya G.

Dakika nne. Mzazi bado anatafuta kiti, mtoto hajamaliza kuuliza nani ni nani.

Wanaongeza kwamba hofu hizi zinadumu. Utafiti wa mwaka 1999 wa Kristen Harrison na Cantor uliwauliza wanafunzi 153 wa vyuo vikuu kuhusu filamu au vipindi vilivyowahi kuwatisha. Asilimia 90 walikuwa na kumbukumbu ya hofu iliyobaki baada ya kutazama, na takriban asilimia 26 walisema wasiwasi haujaisha hadi siku hiyo waliyoulizwa. Namba hizi hurushwa hewani kila mjadala unapozuka, na zinastahili kupokewa kwa tahadhari kidogo. Ni kumbukumbu za watu wazima kuhusu utoto wao, na nyingi hazikuwa katuni bali filamu za kutisha za watu wazima walizoziona mapema mno. Hazithibitishi kwamba alama kali zaidi kwenye katuni ingebadilisha kitu. Zinathibitisha kwamba hofu ya skrini si mafua ya siku mbili kwa kila mtu.

Hoja yao iliyo imara kuliko zote ni historia ya Watership Down. Katuni hii ya sungura ya mwaka 1978 ilipewa U na BBFC. Ndani yake sungura wanakosa hewa ndani ya mashimo yaliyozibwa, mmoja ananaswa kwenye mtego wa waya huku damu ikimtoka mdomoni, shamba zima linaonekana likigeuka jekundu. Sababu ya kuipa U ilikuwa kwamba michoro inaondoa uhalisia wa vitisho, na kwamba mtoto hatasumbuka sana hadithi ikishaisha. Malalamiko ya wazazi yalidumu miongo minne. Mwaka 2022 ilipopelekwa tena bodini ikapandishwa PG. Yaani dhana ya „ni michoro tu” ilichukua miaka 44 kurekebishwa kwenye filamu moja ambayo kila mtu alikuwa anaitaja kwa jina.

Wanaosema ziachwe, hata zilegezwe

Upande huu haupaswi kuchukuliwa kama wa watu wasiojali. Hoja yao ya kwanza ni kwamba umri ni kipimo butu. Watoto wawili wa miaka sita, ndugu wa tumbo moja: mmoja anaomba joka lirudiwe, mwingine hawezi kutazama hata tangazo lake. Aliyefiwa mwaka jana ataiona Finding Nemo kwa macho mengine. Hakuna namba itakayowahudumia wote, na ukiipandisha ili imlinde aliye dhaifu zaidi, umewafungia wengine wote. Ujerumani, ambako mlango unafungwa kweli, gharama hiyo inaonekana: daraja likitoka 0 kwenda 6, mtoto wa miaka mitano na nusu aliye jasiri anabaki nje.

Ya pili ni kwamba hofu ina kazi. Mtoto anayeogopa akiwa amekaa kando ya mtu anayemwamini, kisha akaona hofu inapita, anajifunza jambo ambalo hawezi kufundishwa kwa maneno. Mazimwi ya ngano yalikuwepo kabla ya umeme, na watoto waliyaomba wenyewe. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la kwenye hadithi ndilo hilo, limefungwa kamba ya mwanzo na mwisho. Naikubali hoja hii nusu. Msimulizi anauona uso wa mtoto, anashusha sauti, anaruka kipande, anamfanya zimwi ajikwae ili watu wacheke. Filamu haimtazami mtoto. Inaendelea kwa kasi ileile na sauti ileile, na ukumbini hakuna mtu wa kuisimamisha.

Ya tatu ni ya watengenezaji, nayo haizungumzwi vya kutosha. Hofu ya alama na ya watoto kulia inakata filamu kabla haijatoka. The Black Cauldron ya mwaka 1985 ilikatwa dakika kadhaa baada ya onyesho la majaribio, hasa vipande vya wafu wanaofufuka. Mikato ilifanywa kazi ikiwa karibu kukamilika, kiasi kwamba kuna mahali muziki unaruka. Na bado ikawa katuni ndefu ya kwanza ya Disney kupewa PG. Hofu haikutoka, na filamu iliharibika.

Kisha kuna jambo la kukera kidogo: alama yenyewe inavutia. Watafiti Brad Bushman na Cantor, walipokusanya tafiti za miaka mingi kwenye makala ya mwaka 2003, walieleza kwamba alama za kukataza huwafanya watoto wakubwa, hasa wavulana, waitake zaidi filamu. Kwa mtoto wa miaka kumi na mbili, namba kubwa ni tangazo. Makala hiyo hiyo ilionyesha kwamba wazazi wengi walitaka kuelezwa kilichomo ndani kuliko kupewa umri.

Ngazi inayoongezwa juu tu

Kuna mchoro unaoonekana ukizipanga tarehe. Mwaka 1984, baada ya malalamiko kuhusu Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, zote zenye PG, Marekani iliongeza PG-13, ya kuwaonya wazazi wa watoto wa chini ya miaka 13. Mwaka 2002 Uingereza iliingiza 12A kwa kumbi za sinema, yaani wa chini ya miaka 12 aingie na mtu mzima. Mwaka 2020 Uholanzi iliongeza 14 na 18. Kila mara lawama zikizidi, ngazi inaongezwa kipandio, na kipandio kinakuwa kwa vijana. Uholanzi angalau iliongeza 9 mwaka 2009. Lakini kati ya „wote” na 6, mahali ambapo mtoto anabadilika haraka kuliko wakati wowote wa maisha yake ya kutazama, mifumo mingi mikubwa haina kitu. Uingereza iliwahi kuwa na Uc, alama ya video zinazowafaa hasa watoto wa kabla ya shule. Ikafutwa.

Matokeo yake ni kwamba vitu vingi vinasukumwa kwenye chumba kimoja. Marekani G imepata sura ya „kitoto mno”, studio hazina hamu nayo, na katuni kubwa nyingi sasa zinatoka na PG, iwe kwa sababu ya mzaha wa kujamba au kwa sababu ya mama wa vifungo. Alama inayobandikwa karibu kila mahali imeacha kuwa alama. Na zile chache zinazobaki na G zina kasoro nyingine: maelezo ya sababu huandikwa kuanzia PG kwenda juu. G haielezwi. Filamu ambayo mama anakufa dakika ya nne inatoka bila hata mstari mmoja.

Ndiyo maana naona kwamba kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea alama hizi zinafaa vya kutosha. Katika umri huo anahukumu kwa matendo, anajua filamu ni filamu, na vipimo vya ukatili na hatari vinakaribiana na vinavyomwogofya kweli. Chini ya hapo, na hasa miaka mitatu hadi sita, alama inamwambia mzazi machache sana, na kupandisha namba hakutaongeza lolote. Snow White ya mwaka 1937 ilipofika Uingereza ilipewa A, yaani mtoto wa chini ya miaka 16 aingie na mtu mzima. Leo ni U. Watership Down ilipanda, hii imeshuka. Malkia anayegeuka kikongwe ni yuleyule. Kilichobadilika ni wakubwa.

Mpaka alama zirekebishwe

Usianze na herufi, anza na mstari wa maelezo. Ukiona „picha za kutisha” au picha ya buibui, chukulia kwamba daraja ni la juu zaidi ya lilivyoandikwa kwa mtoto wa chini ya miaka saba. Ukiona ni utani au lugha ndiyo iliyoleta PG, hofu huenda isiwepo kabisa.

Nyumbani, kuitazama mapema filamu nzima ni kazi ya dakika tisini ambazo wachache wanazo. Dakika ishirini na tano zinatosha: kumi za mwanzo, kwa sababu mzazi wa mhusika akifa au kupotea huwa ni hapo, na kumi na tano za kilele. Kwa filamu ya dakika 90 kilele kiko kati ya dakika ya 65 na 80 hivi. Unatafuta mambo machache. Kuna uso unaobadilika mbele ya kamera? Mtoto wa kwenye hadithi yuko peke yake kwa muda gani kabla ya kupata rafiki? Anayetisha anafanana na mtu wa nyumbani, mama, nyanya, mwanasesere? Jambo la mwisho hili hupita wengi: joka la mbali linasahaulika, mwanasesere yuko kwenye kitanda cha mtoto usiku uleule.

Sauti inahitaji kusimamiwa kuliko picha. Mtoto akifumba macho masikio yanabaki wazi, na muziki wa kutisha unaanza kabla kitisho hakijaonekana, kwa hiyo anayefumba anaendelea kulishwa hofu huku akibuni mwenyewe picha. Punguza sauti, washa taa. Ukumbini huwezi: mitambo inapangwa kwa kiwango cha desibeli 85, na vilele vya sauti vinaweza kufika 105 kwa spika moja. Hii ndiyo sababu katuni iliyotazamwa kwa raha kwenye simu inaweza kumshinda mtoto yuleyule kwenye skrini kubwa. Kaa karibu na njia, si katikati ya safu.

Kwenye huduma za mtandaoni, profaili ya mtoto inachuja kwa namba, kwa hiyo inarithi kasoro zote zilizotajwa juu. Ukiruhusu PG, Frozen na Coraline zinaingia pamoja. Baadhi ya huduma zinaruhusu kufungia filamu moja moja kwa jina. Ndicho kifaa chenye manufaa zaidi humo, na kimefichwa ndani ya mipangilio ya akaunti. Zima pia uchezaji wa kujiendesha, maana filamu inayofuata haikuchaguliwa na mtu.

Dalili za mtoto aliyeelemewa si kilio peke yake. Wengi wananyamaza. Wengine wanaomba kwenda chooni mara ya tatu, au wanauliza „mama yake yuko wapi?” kila baada ya dakika mbili. Mtoe, mpakate, mpe maji. Maelezo ya kwamba ni michoro yasubiri. Asipoweza kulala peke yake siku mbili tatu ni kawaida. Ikifika wiki kadhaa, au akianza kukwepa mambo ya mchana, tafuta ushauri wa daktari.

Alama iliyo bora haihitaji teknolojia mpya. Kwa Coraline ingeweza kusomeka hivi: „PG. Mtu anayefanana na mama ana vifungo badala ya macho, na umbo lake linageuka mbele ya skrini. Msichana yuko mbali na wazazi kwa sehemu kubwa ya filamu. Hakuna damu. Wazazi wanarudi salama.” Studio zitapinga kwamba sentensi ya mwisho inafichua hadithi. Ni kweli inafichua, na BBFC tayari inalo jibu la vitendo: bangoni unawekwa mstari mfupi, na kwenye tovuti yake kuna maelezo marefu kwa anayetaka kujua zaidi. Kilichobaki ni maelezo hayo yaandikwe kwa kumfikiria mtoto wa miaka minne, na yaandikwe hata kwa filamu za alama ya chini kabisa.